Mwenzi Ndiye Mizani

Wengi wetu hudhani kwamba kugundua ni kuona kitu ambacho hakijapata kuonwa na mtu. Historia ya miezi ya sayari kibete, zile zilizo mbali kabisa na jua, inatufundisha jambo jingine. Kitu chaweza kuonekana miaka mingi, lakini kikahesabiwa kuwa kasoro.

Sisi tunaokaa Mwanga, hapa Kigoma, tunaujua mwezi mmoja tu, nao una kazi. Ukipevuka, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Giza likirudi, ziwa hujaa taa. Ukitazama kutoka mwinukoni, taa mbili zilizokaribiana huonekana kama taa moja iliyovimba upande mmoja. Ukikumbuka mfano huo, msomaji, hutapata taabu kuelewa habari za James Christy.

Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh wa Marekani. Siku zile baadhi ya wataalamu waliikisia kuwa na uzito unaokaribia ule wa dunia yetu. Yalikuwa makisio tu. Muuza dagaa wa Kibirizi anaweza kuweka mzigo wake juu ya mizani, lakini Pluto ungeiweka wapi?

Mwezi Juni 1978, Christy alikuwa akipima picha za Pluto katika kituo cha elimu ya nyota cha Jeshi la Majini la Marekani, mjini Washington. Picha hizo zilikuwa zimepigwa Flagstaff, Arizona, juu ya mabamba ya kioo. Katika baadhi yake Pluto ilikuwa na kinundu. Kwa desturi, bamba la namna hiyo lilihesabiwa kuwa bovu. Lakini Christy aliona kwamba nyota zilizokuwa katika bamba lilelile zilikuwa mviringo safi. Kama darubini ingekuwa imetikisika, nazo zingevimba. Akafukua mabamba ya zamani, na hata katika yale ya mwaka 1965 akakikuta kinundu. Yeye na mwenzake, Robert Harrington, wakapiga hesabu: kinundu kilizunguka kwa siku 6.4, muda uleule ambao Pluto ilijulikana kung'aa na kufifia. Basi ulikuwa mwezi.

Christy alitaka jina litakalomkumbusha mkewe, Charlene, ambaye walimwita Char. Akachagua Charon, kisha akakuta kuwa katika ngano za Wayunani hilo ni jina la mvushaji anayewapitisha wafu mtoni. Sisi watu wa mwambao wa ziwa hatuwezi kulisahau jina la namna hiyo.

Faida kubwa ya Charon ilikuwa mizani. Mwezi huzunguka kwa kuvutwa na kile unachokizunguka. Ukijua umbali wao na muda wa mzunguko, unapata uzito wao. Ikaonekana kwamba Pluto haifikii hata sehemu moja katika mia nne ya uzito wa dunia. Ilipata mwenzi, na kwa ajili ya mwenzi huyo ikapoteza ukubwa iliokuwa imesingiziwa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2005, Mike Brown na wenzake walitangaza Eris, na mwaka huohuo wakauona mwezi wake, Dysnomia, kwa darubini ya Keck kule Hawaii. Agosti 2006, wanajimu wa dunia waliokutana Prague waliihesabu Pluto miongoni mwa sayari kibete. Mwaka uliofuata, mwendo wa Dysnomia ulionyesha kuwa Eris ni nzito kuliko Pluto kwa asilimia 27 hivi. Makemake nayo ilionekana haina mwenzi, hadi picha za darubini ya Hubble za mwaka 2015 zilipoonyesha nukta hafifu ubavuni pake, hafifu kuliko yenyewe mara 1,300.

Wazee husema mtu ni watu. Kwa kawaida tunaichukua kauli hiyo kuwa faraja, lakini nadhani ina ukali wake pia. Anayekaa peke yake aweza kukisiwa kuwa mkubwa kiasi chochote. Akizungukwa na mwenzake, hata mdogo, uzito wake hujulikana.