Bata wa Kaskazini katika Maji Taka ya Ruai

Ukitoka Makongeni, uliokuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli kando ya Barabara ya Jogoo, ukazidi kwenda mashariki hadi Barabara ya Kangundo, utafika Ruai, kwenye mabwawa yanayosafisha maji taka ya sehemu kubwa ya Nairobi. Harufu haifichiki. Hata hivyo, wapenzi wa ndege huyajua mabwawa hayo vizuri kuliko wakazi wengi wa Eastlands, kwa kuwa kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi, hutua humo bata waliotoka Ulaya na Asia.

Wengi wa wageni hao hawazami. Huchovya kichwa tu, mkia ukabaki juu. Wachache huzama mwili mzima, na hao ndio wanaowasumbua watazamaji.

Zamani usumbufu huo ulimalizwa kwa bunduki. Chama cha wachunguzi wa viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho leo ni Nature Kenya, kilikuwa na wakusanyaji waliompiga ndege risasi, wakamchuna, wakaijaza ngozi pamba na kupima mdomo na bawa. Mmoja wao, V. G. L. van Someren, alikuwa daktari wa meno jijini Nairobi. Ndege akiwa mkononi, hata unyoya mmoja ulitosha kumtambulisha. Akiwa hai bwawani, ujuzi huo haukufaa sana.

Marekani, Roger Tory Peterson alichapisha mwaka 1934 kitabu kilichobadilisha mambo: michoro sahili, yenye mishale midogo inayoonyesha alama za kutazamwa kwa mbali. Alisema wazo hilo lilitokana na hadithi ya Ernest Thompson Seton kuhusu mvulana aliyechora bata ili awatofautishe. Afrika Mashariki ilipata kitabu chake cha kubeba mfukoni mwaka 1963, kilichoandikwa na John G. Williams, aliyesimamia mkusanyiko wa ndege katika jumba la makumbusho la Nairobi. Kisha mwaka 1971 Fleur Ng'weno akaanzisha matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, na mtu asiye mtaalamu akaweza kujifunza kwa kusimama karibu na anayejua.

Mtu huyo hufundishwa nini, basi? Chukua bata wa kaskazini mwenye kishungi. Dume ni mweusi, ubavu mweupe pee, jicho la njano, na manyoya yananing'inia kisogoni. Jamaa yake wa Afrika, ambaye pia huzama, dume lake ni la hudhurungi iliyokolea na jicho ni jekundu. Jike lake lina alama nyeupe iliyojipinda usoni. Wote wawili wakiruka huonyesha mstari mweupe bawani, kwa hiyo anayetegemea bawa pekee atakosea. Na Oktoba yenyewe ni mtihani: madume wageni huweza kufika bado wamevaa manyoya hafifu, wakafanana na majike. Hapo jicho na kishungi, hata kikiwa kifupi, husaidia kuliko rangi.

Bata Maccoa, mzamaji mwingine, ni rahisi zaidi kumtambua. Huketi chini sana majini, mkia wake mgumu mara nyingine ukisimama wima, na dume ana mdomo wa buluu. Kibisi, ambaye si bata lakini pia huzama, ni mdogo kuliko bata wote, hana mkia wa kuonekana, na pembeni mwa mdomo ana doa jeupe. Mnandi, ambaye naye si bata lakini huzama, hutambulika hata akiwa nchi kavu, kwa kuwa hutanua mabawa kuyaanika. Mnandi mkubwa ana kifua cheupe. Yule mdogo ana mkia mrefu na jicho jekundu.

Maccoa yumo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani, ndiyo sababu Ruai haipuuzwi. Anayewahesabu Maccoa hulazimika kulirudia bwawa lile lile, maana wakati wowote baadhi yao wako chini ya maji.