Mikro ya lampi: jinsi sauti ilivyotoka studio ikafika kambini

KALEMIE – Mama aliyekimbia Nyunzu au Manono wakati wa mapigano ya 2016 na 2017, akafikia kambi moja pembeni ya mji wa Kalemie, aliweza kusimulia yaliyompata mbele ya telefone ndogo, na sauti yake ikaingia redioni. Leo kazi hiyo inaonekana nyepesi. Lakini zamani, kunasa sauti ya mtu vizuri kulitaka chombo cha bei kali chenye lampi ndani, na chombo hicho hakikuwekwa karibu na watu kama yeye.

Chanzo chake ni mwaka 1916, huko Marekani. Simu za wakati ule zilitumia mikro yenye punje za makaa. Zilikwaruza na kupoteza sehemu kubwa ya sauti. Fundi mmoja wa kampuni ya Western Electric, E. C. Wente, alichukua bati jembamba la chuma, akalikaza mbele ya bamba lisilotikisika, akaacha nafasi ndogo sana katikati, kisha akatia umeme. Mtu akisema, hewa inatikisa lile bati. Nafasi inapungua na kuongezeka, na umeme unabadilika kwa kufuata sauti.

Shida ilikuwa moja: umeme unaotoka pale ni dhaifu mno. Ukiupitisha kwenye waya mrefu unapotea kabla ya kufika. Dawa yake ilikuwa lampi ya redio, ile chupa ndogo ya kioo iliyotengenezwa na Lee de Forest mwaka 1906. Wazee waliokuwa na redio za lampi nyumbani wanakumbuka: unawasha, unangoja lampi ipate moto, ndipo redio inasema. Lampi ya namna hiyo iliwekwa ndani ya mikro yenyewe, karibu kabisa na lile bati, ili kuipa sauti nguvu kabla haijaanza safari ya waya.

Mwaka 1928, Georg Neumann wa Berlin alianza kuuza mikro ya namna hii. Ilikuwa na umbo kama la chupa. Mwaka 1949 ikafuata U 47, ambayo wanamuziki na watangazaji wengi wa Ulaya na Marekani waliisifu. Lakini zilikuwa mali ya studio za miji mikubwa.

Congo nayo ilianza hivyohivyo. Radio Congo Belge ilianza kutangaza mwaka 1940 kutoka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kutoka huko mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ni karibu kilomita 1.500 kwa ndege. Mtu wa kando ya ziwa aliweza kusikiliza, lakini kusikika ilikuwa jambo lingine.

Wachache walibeba mashine wakawafuata watu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Jadotville, leo Likasi, akamrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco. Tracey alikuwa na gari lenye vyombo na jenereta, ambayo aliiweka mbali ili kelele zake zisiingie. Mikro aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza karibu na mwimbaji au chombo alichotaka kisikike. Hivyo aliyeshika mikro ndiye aliyechagua sauti ya kusikika.

Lampi ya U 47, iitwayo VF14, iliacha kutengenezwa, na vipuri vikawa adimu. Ndiyo sababu moja mafundi wa nchi nyingi wameanza kujitengenezea mikro za lampi nyumbani. Wananunua kichwa chenye utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, wanatafuta lampi ndogo ya zamani, kisha wanaunganisha waya kwa risasi. Mafundi wa Kalemie wanaotengeneza redio na telefone wangeielewa kazi hiyo bila taabu.

Ila ina maadui wawili. Wa kwanza ni unyevu. Hata alama ya kidole kwenye sehemu ya ndani inatosha kuvujisha ule umeme dhaifu, na mikro inaanza kuchemka kama mafuta kikaangoni. Karibu na ziwa Tanganyika, chombo kama hicho kinapaswa kulala ndani ya sanduku lililofungwa, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Wa pili ni umeme wenyewe: lampi inahitaji volti 100 hivi au zaidi, na kisanduku chake kinaweza kumpiga mtu hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Mlango wa watu wote ulifunguliwa mwaka 1962. James West, Mmarekani mweusi, na mwenzake Gerhard Sessler, waligundua utando wa plastiki unaohifadhi umeme wake wenyewe miaka mingi. Volti nyingi hazikuhitajika tena, na kazi ya lampi ikafanywa na kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Mikro ya namna hiyo, au mdogo wake wa siku hizi, ndiyo iliyo ndani ya telefone. Kanuni ni ileile ya Wente.

Kwa hiyo chombo si kizuizi tena kambini. Kinachobaki ni mtu wa kukisogeza karibu na anayesema, mahali pasipo upepo wa ziwa, na kumwacha amalize maneno yake. Kisha kuna kuhifadhi. Gitaa la Mwenda la 1952 bado linasikika, kwa sababu kazi za Tracey zilitunzwa. Ushuhuda wa mama wa Nyunzu ukibaki ndani ya telefone moja tu, siku ile telefone inapoibiwa au kuanguka majini, utapotea nayo. Familia zilizorekodi habari zao zinaweza kuanza leo: kuweka nakala ya pili kwa ndugu au kwenye kadi ya kumbukumbu, na kuandika jina la msemaji, mahali na tarehe.