Mfuko wa Kimataifa wa Utetezi na Misaada

Mfuko wa Kimataifa wa Utetezi na Misaada, uliojulikana zaidi kwa kifupi cha IDAF, uliwalipia mawakili watu walioshtakiwa kwa siasa Afrika Kusini na kuzitunza familia zao. Uliendeshwa kutoka London. Mwanzilishi wake, John Collins, alikuwa kasisi wa Kianglikana na kanoni wa Kanisa Kuu la St Paul.

Chimbuko lake ni Desemba 1956, watu 156 walipokamatwa kwa shtaka la uhaini, wakiwemo Albert Luthuli na Nelson Mandela. Collins aliahidi kugharimia utetezi wao. Washtakiwa wa mwisho waliachiwa huru Machi 1961, baada ya miaka zaidi ya minne. Hapo ndipo ulipodhihirika ukatili ambao hukumu peke yake haiuonyeshi: serikali haikuhitaji kushinda kesi ili kumfilisi mtu. Ilitosha kumweka kizimbani mpaka kazi ipotee, kodi ya nyumba ilimbikizane na watoto waache shule. Kwa hiyo kumlipa wakili bila kuikumbuka familia kungekuwa msaada nusu.

Mfuko ulichangia pia utetezi katika kesi ya Rivonia ya 1963 na 1964, iliyomhusu Mandela na wenzake. Machi 1966 serikali ya makaburu iliupiga marufuku nchini humo. Kupokea fedha zake kukawa hatari kubwa: Gonville ffrench-Beytagh, mkuu wa kanisa kuu la Kianglikana la Johannesburg, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 1971, na miongoni mwa mashtaka yake lilikuwa suala la kugawa fedha hizo. Alishinda rufaa mwaka uliofuata.

Collins na wenzake hawakufunga kazi. Ada za mawakili zilipitishwa mikononi mwa mawakili wengine wa Uingereza, ambao hawakutaja mfuko popote. Wakili wa Johannesburg au Durban aliona tu jina la ofisi ya wenzake wa ng'ambo. Kwa familia, njia ilikuwa rahisi zaidi na, kwa maoni yetu, ya kiutu zaidi. Mamia ya watu wa kawaida walioishi nje ya Afrika Kusini walipewa kila mmoja familia ya kuiandikia. Walitumiwa fedha, nao wakazipeleka kwa posta pamoja na barua, kama rafiki anayemsaidia rafiki. Mke wa mfungwa wa Robben Island alijibu kuhusu ugonjwa, karo na nauli ya kwenda kumwona mumewe, na majibu hayo yakairudia ofisi ya London, ikajua haja iko wapi. Polisi wangeweza kuifungua barua ile wasione chama wala mfuko, ila watu wawili wanaojuliana hali.

Fedha zilitoka kwa watu binafsi, Umoja wa Mataifa na serikali mbalimbali, Sweden ikiwa mstari wa mbele. Washtakiwa wa Namibia na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walisaidiwa pia. Collins alifariki mwisho wa 1982, na uongozi ukashikwa na Trevor Huddleston, aliyewahi kuwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanzania, kuanzia 1960 hadi 1968.

Mfuko ulivunjwa mwaka 1991, vyama vya ukombozi vilipokwisha kuruhusiwa. Ulikuwa umepeleka takriban pauni milioni 100. Nyaraka na picha zake zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Western Cape.