Bakteria wa kinywani

Bakteria wa kinywani ni vijidudu wanaoishi kwenye meno, ulimi na fizi. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliwaeleza mwaka 1683 baada ya kukwangua utando wa meno yake na kuutazama kwa hadubini. Wengi hawana madhara. Lakini baadhi huleta harufu mbaya, ambayo hutoka hasa nyuma ya ulimi, mahali ambapo mswaki haufiki kwa urahisi: huko, bakteria wasiohitaji oksijeni huvunja protini za mabaki ya chakula na seli zilizokufa, wakitoa gesi za salfa, mojawapo ikinuka kama yai viza. Peremende huificha harufu hiyo tu. Utando wa meno nao usiposuguliwa hugeuka ugaga mgumu. Kutokana na hayo, fizi huvimba na kutoka damu. Hatua hiyo hutibika, lakini uvimbe ukiendelea hula mfupa unaoshikilia jino, na mfupa ukishalika haurudi wenyewe.