Ilimu ya Programu, Kutoka Bunda la Kadi Hadi Kiganjani

Kijana anayejifunza kuandika programu katika simu yake, akiwa ndani ya daladala au kitandani kabla ya kulala, akikosea hupewa hukumu papo hapo, akasahihisha, akaendelea. Na madhali hajapata kuona hali nyingine, haimpitikii kwamba kukosea bila ya gharama ni neema iliyochelewa sana kuwafikia wanafunzi wa sanaa hii.

Katika miaka ya 1950, na mingi ya 1960, mwanafunzi aghalabu hakuruhusiwa hata kuigusa mashine. Amri zake alizitoboa katika kadi za karatasi nzito zenye safu 80, kadi moja kwa kila mstari, akalikabidhi bunda lake kwa wasimamizi wa chumba cha kompyuta, akaenda zake. Na jawabu akalipata baada ya saa nyingi, au siku ya pili, mara nyingi likiwa ni habari ya kwamba mahali fulani amesahau alama moja ya kituo. Bunda likimponyoka njiani, kadi zikachanganyika, ole wake! Taabu hiyo ilikuwa na faida ambayo sipendi kuidharau, nayo ni kuwalazimisha watu wafikiri kwa kalamu kabla ya kuthubutu. Lakini iliwafungia mlango karibu wote wasiokuwa wahandisi au wanahisabati.

Walioufungua mlango huo ni walimu wawili wa hisabati wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, ambao lugha yao ya BASIC ilianza kazi alfajiri ya tarehe 1 Mei, 1964, katika mashine iliyougawa wakati wake baina ya watu wengi kwa wepesi mkubwa, hata kila mmoja, ameketi mbele ya taipu yake, akadhani anahudumiwa peke yake. Muradi wao ulikuwa kwamba hata mwanafunzi wa fasihi au historia apate sehemu yake ya maarifa hayo. Mwaka 1967 ikafuata lugha ya Logo, kazi ya Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria. Na kwa lugha hiyo watoto walikuja kumwamrisha kobe wa mashine atembee na kuchora, naye Papert akashikilia kwamba kosa la mtoto si aibu, bali ni jambo la kuchunguzwa kwa hamu.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Marufuku ilipoondoka, bei ilibaki; kwa hiyo kompyuta ndogo za nyumbani, zilizowafundisha BASIC watoto wa Uingereza katika miaka ya 1980, hazikupita katika kumbi zetu. Kilichopita ni simu, na baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwezi Machi, 2007, haikuhitajika hoja tena kumthibitishia mtu kwamba chombo hicho kina kazi zaidi ya mazungumzo.

Mwaka 2010 kampuni ya Google ilitoa App Inventor, kazi iliyoongozwa na Hal Abelson, ambamo amri ni vipande vya rangi vya kuunganishwa. Lakini programu ya simu bado ilitungwa katika kompyuta. Simu yenyewe iligeuka chuo zilipotokea programu za mafunzo za SoloLearn, Mimo ya Vienna, na mwaka 2018 Grasshopper, iliyopewa jina kwa heshima ya Grace Hopper, bibi aliyetunga mwaka 1952 moja ya programu za awali kabisa za kuigeuzia mashine amri za binadamu.

Mafundi wa vyuo hivi walikabiliwa na adui mdogo: kibodi ya simu, ambamo mabano yaliyopinda na nukta mkato zimefichwa nyuma ya vitufe vingine, na kidole gumba kinazitafuta kwa mashaka. Dawa waliyoiona wengi wao ni kumpa mwanafunzi maneno yaliyo tayari, achague na kuyapanga. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaovisifu vyuo hivi bila ya kiasi, kwani kutambua si kutunga. Wako watoto wa chuoni wanaozitambua herufi zote za juzuu, wala hawawezi kuandika barua ya mistari mitatu. SoloLearn ina uwanja wa kuandika programu nzima na kuwaonyesha wengine, na kwa sababu hiyo naiweka mbele ya wenzake. Grasshopper ilifungwa mwaka 2023, kwa uamuzi wa wenyewe, nao waliokuwa katikati ya masomo wakatafuta pengine.

Basi nawaomba wakuu wa shule na maktaba zenye vyumba vya kompyuta vinavyofungwa saa tisa alasiri, waviache wazi hadi magharibi, kwa sababu vijana waliofika ukomo wa simu wako tayari, na wanachokosa ni kibodi.