Waliobomoa Kamĩrĩĩthũ Walijua Steji Inajengwa na Nani

Wasee, tukiongea historia ya maigizo Kenya, tunataja waandishi, kisha waigizaji, kisha stori inaishia hapo. Wale wa kubeba mbao, kushona mavazi, kushika taa na kuhakikisha bunduki ya uwongo iko mezani kabla mwigizaji aihitaji, hao hawaingii. Kwa maoni yangu hiyo ni historia nusu. Na mfano ninao hapa karibu tu, Limuru.

Stori ya Kamĩrĩĩthũ wengi tumeisikia hivi: mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mchezo, serikali ikakasirika, akawekwa kizuizini. Ni kweli. Lakini ukiisimulia hivyo tu, kuna swali moja litakushinda. Kwa nini mwaka 1982 serikali hiyo hiyo ilituma polisi kwenda kijijini kubomoa mbao na mianzi?

Turudi nyuma kidogo. Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwakusanya watu pamoja ili wawachunge. Miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na watu wasio na kazi. Walikuwa na uwanja wa ekari nne na jengo la kuta za udongo, basi. Mwaka 1976 wakaanza masomo ya watu wazima hapo. Kutoka kwa hayo masomo ndiyo ikazaliwa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ikaandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwelekezaji alikuwa Kĩmani Gecaũ.

Mchezo upo, ukumbi haupo. Nairobi kulikuwa na Kenya National Theatre tangu 1952, lakini hawa watu hawakungoja kuitiwa funguo za mtu. Walijenga wenyewe. Ngũgĩ anasimulia kwamba kikundi kilipanga vijiti vya kiberiti chini kwanza, kuona steji itakaa vipi. Kisha wakatengeneza mfano mdogo. Baada ya hapo ndiyo wakashika nyundo. Walichojenga kilikuwa na jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, na nyuma ya huo ukuta nyumba ya vyumba vitatu ya kuweka vifaa na kubadilishia nguo. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopandana kama ngazi, na watu zaidi ya 2,000 wangeweza kukaa. Paa hakuna.

Soma tena hiyo sehemu ya vyumba vitatu. Watu wenye pesa kidogo hivyo, hela na nguvu zao zinahesabiwa, na bado walitenga nafasi ya stoo na ya kubadilishia nguo. Mtu aliyewahi kufanya kazi nyuma ya pazia anajua maana yake. Mahali vitu havina pa kukaa, onyesho linaharibika kabla mtu afungue mdomo.

Mambo ya vifaa nayo. Mchezo ulihitaji bunduki za kujitengenezea, kama zile za Mau Mau. Mzee aliyezitengeneza za kuigizia ndiye aliyekuwa akiwatengenezea wapiganaji wa msituni zile za kweli. Fikiria hiyo. Hakuna mwelekezaji angeweza kumfundisha huyo mzee jinsi bunduki inavyoshikwa, yeye ndiye alikuwa anafundisha. Hapo naona siri ya kwanza ya kikosi kizuri cha nyuma ya jukwaa: kazi inapewa anayeijua, bila kujali cheo chake, na wenye digrii wanakaa kimya wasikilize.

Siri ya pili ni kwamba mazoezi yalikuwa wazi. Watu walikuja kutazama, wakakosoa, wakaongeza. Kwa hivyo siku ya kufungua, Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, kijiji kizima kilikuwa kinaujua mchezo. Sisi siku hizi utapata msee wa taa amepewa karatasi ya alama saa mbili kabla ya shoo, hajui hadithi inaenda wapi, halafu akichelewa kuzima tunamlaumu. Huwezi kufuata pumzi ya mchezo ambao hukuwahi kuuona.

Na kuhusu lile paa ambalo halikuwepo: Jumapili moja mvua ilikatiza onyesho kama mara tatu. Watazamaji walikimbia kujikinga, mvua ikiacha wanarudi, viti vinajaa tena, waigizaji wanaendelea. Tunasifu waigizaji hapo, na ni sawa. Lakini waza kuhusu kazi iliyoko kati ya mvua na mwendelezo: jukwaa limelowa, mavazi yamelowa, vifaa vinataka kurudi mahali pake, na halaiki ya watu inasubiri. Onyesho halijianzishi lenyewe mara tatu.

Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ikafuta leseni, wiki sita hivi tangu kuanza. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini hadi Desemba 1978. Kwa hesabu ya kawaida, mambo yangeisha. Mwandishi umemtoa, mchezo umeupiga marufuku, watu watarudi mashambani.

Hawakurudi. Mwishoni mwa 1981 na mwanzo wa 1982 kikundi kilikuwa tena kazini na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra. Walipanga kuuonyesha Kenya National Theatre, Februari wakakuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kuona mazoezi tu. Huko pia wakafungiwa. Tarehe 11 Machi 1982 serikali ikakipiga marufuku kituo cha Kamĩrĩĩthũ. Kesho yake polisi wenye silaha wakaja na malori matatu, wakaibomoa ile steji.

Hilo ndilo jibu la swali langu la mwanzo. Ngaahika Ndeenda ilikuwa imechapishwa kitabu mwaka 1980, maneno yashatoka. Kumfunga mwandishi walishajaribu. Kilichobaki ni watu wanaojua kujenga, kupanga, kushona, na mahali pao pa kufanyia. Serikali ilielewa umuhimu wa kikosi cha nyuma ya jukwaa kuliko sisi tunavyoelewa leo.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi, safari hii ndani ya Kenya National Theatre yenyewe. Nilifurahi, sikatai. Lakini mazungumzo mengi niliyoona yalikuwa yale yale: Ngũgĩ, waigizaji, siasa. Ukumbi wa mianzi na mikono iliyoujenga ulipata sentensi moja, ukibahatika.

Kwa hivyo kama uko kwa kikundi cha maigizo, shuleni, kanisani, chuoni au mtaani, ombi langu ni dogo na linawezekana. Mpeni msee wa vifaa nakala ya mchezo siku moja na waigizaji. Aje mazoezini, na akisema kiti kiko mahali pabaya, asikizwe. Tengeni pesa yake kwa bajeti mapema, asikuwe yule wa kuambiwa "tutakuangalia". Na jina lake liandikwe, kwa ukubwa ule ule wa majina mengine. Mikono mingi iliyojenga Kamĩrĩĩthũ hatuna majina yake midomoni. Hawa walio na sisi sasa, tunawajua. Andikeni.