Tume ya wanawake San Francisco: Jiji lililoitangulia nchi yake

Mwanamke anayerudi nyumbani usiku anajua pale taa za barabarani zinapoachana, ndipo pa kukaza mwendo. Mpangaji wa taa huenda asiliwaze hilo kabisa. Jijini San Francisco, Marekani, kuna chombo kilichopewa kazi ya kuuliza maswali ya namna hiyo: Tume ya Hadhi ya Wanawake.

Ilianzaje?

Desemba 1961, Rais John F. Kennedy aliunda tume ya kitaifa kuchunguza hali ya wanawake, mwenyekiti akiwa Eleanor Roosevelt. Mama huyo alifariki Novemba 1962, na ripoti ikatoka Oktoba 1963. Majimbo yakaiga, kisha kaunti na miji nayo ikafuata.

San Francisco ilianzisha ya kwake mwaka 1975. Tume iliundwa na wajumbe 7 walioteuliwa na meya. Mwaka 1994 wapiga kura wakakubali iwe na idara ya kudumu, yaani watumishi na bajeti yake.

Ina nguvu gani?

Tume si mahakama wala polisi. Haifungi mtu. Kazi yake ni kuchunguza, kusikiliza wananchi na kumshauri meya pamoja na Bodi ya Wasimamizi, ambayo ndiyo hutunga sheria za jiji.

Mwezi Aprili 1998 ushauri ulipata meno. Jiji lilipitisha sheria ndogo inayofuata misingi ya CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi wa aina zote dhidi ya wanawake. San Francisco likawa jiji la kwanza Marekani kufanya hivyo.

Cha kushangaza, Marekani yenyewe ilisaini mkataba huo mwaka 1980 lakini haijauridhia hadi leo. Kenya ilijiunga nao mwaka 1984 na Tanzania ikauridhia 1985.

Kilibadilika nini?

Sheria hiyo ilitaka idara za jiji zijikague: nani anaajiriwa, nani anapata huduma, fedha zinakwenda wapi. Za kwanza kukaguliwa zilikuwa idara ya ujenzi na ile ya watoto waliokinzana na sheria.

Kwa upande wa ujenzi, suala la nafasi kati ya taa na taa likaonekana kuwa suala la usalama wa wanawake. Kwa upande wa watoto, ikabainika kuwa huduma nyingi zilipangwa kwa kuwafikiria wavulana, wakati wasichana nao walikuwemo na mahitaji yao ni tofauti.

Pale ilipouma zaidi

Mwaka 2000, mama mmoja jijini humo aliuawa na aliyekuwa mpenzi wake, mbele ya watoto wake. Kabla ya hapo polisi walikuwa wameshaitwa zaidi ya mara moja.

Tume ikachunguza mfumo ulikwama wapi. Ripoti yake ya mwaka 2002 iliitaka polisi, waendesha mashtaka na mahakama wafanye kazi kwa kushirikiana na kupeana taarifa kwa haraka, badala ya kila ofisi kubaki na faili lake.

Udhaifu wake

Chombo cha ushauri kinaweza kupuuzwa. Meya akibadilika au bajeti ikibanwa, ripoti nzuri huishia kabatini. Ndiyo maana sheria ya 1998 ilikuwa muhimu: iliweka ukaguzi kuwa wajibu wa idara, si hisani ya bosi aliyepo.

Na swali lenyewe halihitaji jiji tajiri. Halmashauri yoyote ikitaka kujenga soko, stendi au choo cha umma, inaweza kuuliza mapema: mwanamke atakayetumia mahali hapa saa mbili usiku, atakuwa salama?